Siku Ndunda Alipompandisha Mkwewe Kilimani

Ndunda alikuwa na mdomo, na Masinga nzima hakuna aliyembishia hilo. Kazi yake ni kuwavusha wageni bwawa kwa mashua ya injini, kisha kuwapandisha Kiima kya Nzuki, kilima kilicho ng'ambo, ili wauone Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika. Vijana wa Syokimau humjia na "niaje, mkubwa", naye huwajibu kwa Sheng yao hadi washangae. Watu wa kanisa huwanukulia Zaburi. Watoto huwatisha na viboko hata pale ambapo hawapo. Mgeni akirudi nyumbani bila kucheka, Ndunda hulala vibaya.

Sasa mtazame asubuhi ile ya Januari. Amekaa nyuma ya mashua yake mwenyewe, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, macho kwenye injini, kimya utadhani katoka kung'olewa jino. Na si kwamba alikuwa mgonjwa. Mbele, kwenye ubao wa kwanza, alikuwa amekaa Mama Munyiva wa Kithimani, na Mama Munyiva ndiye aliyemzaa Nthenya, mke wa Ndunda.

Kwa Wakamba hii kitu inaitwa nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai benchi moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani kama aliyekumbuka jambo huko. Wengi siku hizi wameacha, utawaona wakikumbatiana mchana kweupe kwenye harusi. Lakini Munyiva alikuwa mtu wa kigango cha kanisa na mtu wa kale, yote mawili bila kupunguza, na Ndunda alimwogopa kwa heshima zote. Tangu aoe, na sasa mtoto wake wa kwanza Kavutha yuko darasa la sita, kila neno kati yao lilipitia kwa Nthenya.

Kilichomleta mama ni macho. Alikuwa na presha ya macho, na daktari wa Machakos alisema wazi kwamba yaliyokwenda hayarudi, na yaliyobaki nayo yako njiani. Munyiva alisikiliza, akashukuru, akaenda zake kupalilia maharagwe. Jioni ndipo alipomwambia binti yake kwamba kuna kitu kimoja angependa kukiona kabla giza halijafunga mlango. Angependa kuona Kiinyaa, Mlima Kenya kwa Kikamba. Kutoka Kithimani mlima ule huonekana siku mojamoja, mdogo, mbali, na kila ulipojitokeza yeye alikuwa ameinama shambani. Alikuwa akisema atautazama kesho.

"Mwambie aje," Ndunda alimjibu mkewe. Kisha akakosa usingizi, maana mlima si kuku, hauitwi ukaja. Mara ngapi amepandisha watu wakakuta ukungu mtupu? Wale hurudi mwezi mwingine. Huyu hana mwezi mwingine.

Mashua ikakata maji. Jua lilikuwa bado, na bwawa lilikuwa limetulia hata vilima vya ng'ambo vikaonekana mara mbili, juu na chini. Miti iliyokufa zamani ilisimama majini na ndege weupe juu yake. Ghafla, karibu kabisa na mashua, maji yakafura na kitu kikubwa kikapumua kwa nguvu.

"Ni nini hiyo imepumua?" Munyiva aliuliza.

"Mwambie ni kiboko," Ndunda alimwambia mkewe, ingawa mama mwenyewe hakuwa mbali hata hatua nne.

"Ni kiboko, mama," Nthenya akasema, akizungusha macho. Ndunda alidhani mama hakumwona kiboko kwa kuwa alikuwa anatazama upande mwingine. Angejuaje? Uso wake hakuwahi kuutazama hata siku moja.

Walipoanza kupanda, Nthenya alitangulia akimshika mama mkono, na Ndunda akabaki nyuma akijifanya kuchunguza majani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye changarawe. Nthenya alikuwa amevaa viatu vya soli laini alivyokatazwa. Mguu ukateleza, kifundo kikateguka, akakaa chini akiuma mdomo. Alijaribu kusimama mara mbili, na mara zote mbili akakaa tena.

"Mimi nimefika mwisho," akasema. "Nendeni."

"Twende nani?" Ndunda akauliza.

"Wewe na mama."

Ndunda akatazama jiwe. Munyiva akajifunga kanga yake upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

"Mawingu hayangoji nthoni zenu," Nthenya akasema. Alikuwa na hasira ya mtu anayeumwa na mguu. "Mkitaka turudi, turudi. Lakini mama, wewe ndiye ulisema."

Ndunda aliinua macho kaskazini. Juu anga lilikuwa safi, lakini chini kabisa, mwishoni mwa nchi, mstari wa wingu ulikuwa umeanza kujikusanya. Aliujua mstari ule vizuri. Maji ukiyavulia nguo shurti uyaoge. Akakata fimbo ndefu ya msituni, akaiparua, akainyoosha ncha moja nyuma bila kugeuka. Akasubiri. Baada ya muda akahisi uzito upande wa pili, mama ameshika.

Ikabaki shida ya kuongea. Kiongozi lazima aseme njia ilivyo, na hapa mtu wa kupokea maneno amebaki chini na mguu wake. Ndunda akafikiri, kisha akaanza kusema na mawe.

"Wewe jiwe," akasema kwa sauti, "uko juu sana. Mtu akifika kwako ainue mguu wa kulia."

Fimbo ikainuka nyuma yake. Mguu ukapanda.

"Na wewe mwiba uko upande wa kushoto. Usivute kanga ya mtu."

Wakaenda hivyo kitambo. Halafu, nyuma yake, sauti ya mama ikasikika, nayo haikuelekezwa kwake hata kidogo.

"Jiwe," Munyiva alisema, "mimi niko na magoti mabaya. Usinikimbize."

Ndunda alikaribia kucheka hadi akakohoa. Akapunguza mwendo. Hivyo ndivyo walivyopanda Kiima kya Nzuki, wakizungumza na mawe, na mawe siku ile yalipata heshima ambayo hayajawahi kupata. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kila baada ya hatua chache alitazama ule mstari wa wingu, na kila mara ulikuwa umepanda kidogo.

Walifika juu, na mlima ulikuwepo.

Mungu wangu, ulikuwepo wote. Bwawa limelala chini na kumetameta, ng'ambo yake mashamba ya watu, ng'ambo ya mashamba vilima vya buluu kimoja nyuma ya kingine, na juu ya hayo yote, mahali ambapo jicho hutegemea kukuta anga tu, umesimama Kiinyaa. Mwamba mweusi na theluji nyeupe, ndiyo maana wazee walisema unafanana na manyoya ya mbuni dume. Ndunda aliuona kila wiki, na bado alisimama kuutazama. Kifua kikajaa furaha. Nimemfikisha, akajiambia.

"Ni mzuri," Munyiva akasema. "Asante, jiwe."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Ndunda akageuka, na mwanzoni hakuelewa alichokuwa akikiona. Mama alikuwa amesimama wima kama kanisani, mikono ameikunja, ameelekea upande wa Yatta. Huko hapakuwa na chochote ila vumbi na mbuzi wa watu. Mlima ulikuwa begani kwake.

Ndipo Ndunda alipofanya jambo ambalo hajawahi. Akainua kofia, akamtazama mkwewe usoni. Akaona paji la uso la Nthenya kwa mwanamke aliyezeeka, na macho mawili yaliyofunguka sana, yakitafuta. Yeye anayesoma nyuso za wageni tangu wakiwa gatini, huyu alimpandisha kilima kizima bila kujua kwamba haoni. Aibu ilimshika, na haikuwa ile ya nthoni.

"Mama," akasema, na safari hii hakusema na jiwe. "Mlima hauko huko."

Munyiva hakushtuka. Akashusha pumzi.

"Usimwambie Nthenya," akasema polepole. "Nyumbani najua kila kitu mahali kilipo. Siku hizi naona kwa katundu kadogo, kama tundu la sindano. Kitu kikiingia hapo nakiona safi kabisa. Kisipoingia, hakiko."

Akageuza kichwa kuutafuta. Akaupita. Akarudi, akaupita tena, chini mno, akaona maji. Alikuwa anaharakisha sasa, kama anayepapasa funguo na mvua inamnyeshea. Na wingu lilikuwa limeshafika mabegani mwa mlima.

Ndunda akatazama mikono yake. Ilinuka petroli. Akaifuta kwenye suruali, mbele na nyuma.

"Mama, naomba ruhusa."

Ruhusa ya nini hakusema, na Munyiva hakuuliza. Kisha akakisogeza kitambaa chake cha kichwa nyuma, mashavu yakabaki wazi, akangoja.

Ndunda akasimama nyuma yake, akakishika kichwa kile kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Akainama, macho yake yakawa sawa na ya mama, akakigeuza. Kushoto. Kushoto tena. Juu, kidogo sana.

Pumzi ya Munyiva ikakatika.

"Hapo," akanong'ona. "Usiniachilie."

Hakumwachilia. Alimtembeza mlimani kwa kidogokidogo, kwa sababu hakukuwa na nafasi ya zaidi kwenye kale katundu. Kwanza jino la kilele. "Ni jeupe," mama akasema, "jeupe hata linauma." Kisha ufa mweusi uliogawa theluji. Kisha ukingo, ukishuka, ukishuka, bila kuisha. "Bado ni mlima huu?" "Bado, mama." "Na hapa?" "Bado." Mlima ule Ndunda alikuwa akiwasimulia wageni miaka yote, maneno yaleyale, na leo aliupitia ufa kwa ufa nyuma ya sikio la mwanamke mzee, akauona ulivyo mkubwa. Machozi yalimtoka. Hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Wingu likapanda. Likafunika ukingo, likafunika ufa, na mwishoni jino lile likabaki peke yake juu ya weupe. Kisha nalo likaenda.

"Umefunikwa, mama," akasema, akaanza kuondoa mikono.

Munyiva akaishika, vifundo vyote viwili, kwa nguvu za mtu wa jembe.

"Ngoja. Nigeuze huku nyuma."

"Nyuma hakuna kitu, mama. Ni mimi tu."

"Najua ni wewe. Nilikupa mtoto wangu, Ndunda, na sura yako siijui."

Ndunda akavua kofia. Akazunguka, akapiga magoti mbele yake kwenye mwamba, akaurudisha mikononi uso wa mama mkwe wake na kuuelekeza kwake. Chini kidogo. Kulia kidogo. Mdomo wake wote ule haukuwa na neno. Alijua amefika pale mama alipoacha kutafuta.