Siku ya Ishirini na Nne

...amtoe ama amuweke, hilo tu ndilo Elphas anataka kujua, kidole chake kimekaa juu ya kompyuta kikingoja, "Sista, hapa wanauliza kama mume anaenda pamoja na wewe, niweke ndiyo ama hapana," na Nelius anamsikia vizuri, yeye si kiziwi, ila tangu mamake akate simu dakika kumi zilizopita kichwa chake kimejaa asali, lita ishirini za asali, mamake aliirudia mara tatu, asali safi mwanangu, hata wazee wa huku Kibugu wamekubali kwamba Wameru wa mumeo wanajua asali, na kondoo walikuwa wanono, na zile pesa babako amenunua ng'ombe wa gredi, wa maziwa, mweusi na mweupe, umshukuru Mugambi sana, umwambie sasa ni mtoto wa hapa, na Nelius aliyekuwa amesimama dirishani hapa saiba, kwenye kompyuta za Elphas za ghorofani, akitazama chini mjini mtu akipakia magunia ya mbolea kwenye pikapu, aliuliza kwa sauti ileile anayomwulizia mgonjwa kama amekula, "Zilikuwa ngapi, mami?" na mamake akasema laki tatu za mahari, zote mara moja, Jumamosi ile wewe ulikuwa zamu, kwani hakukwambia... hakuniambia, mami, mume wangu alichoniambia ni kwamba benki imekosea, na mimi nesi mzima wa miaka tisa, ninayejua mtu akidanganya kwamba amemeza dawa, nikaamini benki imekosea.

Karatasi ya benki iko mapajani, bado ina joto la mashine, na hata mtoto wa darasa la pili angeisoma, pesa imelala siku ishirini na tatu vizuri kama ilivyoagizwa na siku ya ishirini na nne imeamka ikaondoka, laki tatu, na wale watu wa viza walisema wazi, pesa ya kuwaweka huko mwanzoni ilale benki siku ishirini na nane bila kuguswa, ya kichwa kimoja kiasi hiki, ya vichwa viwili kiasi kile, ikiguswa mnaanza kuhesabu upya, na Mugambi alijua, tena yeye ndiye aliyemsomea Nelius sharti hilo kitandani, akamwambia hizi pesa sasa ni kama mayai chini ya kuku, tusizisogeze, wakacheka, wakarudi kwa yale maswali yao ya kila usiku, pikipiki tuuze ama tumwachie jirani Njiru, huko nyumba wanataka kodi ya miezi mingapi mbele, wewe utafanya kazi gani kabla hujapata karatasi zako, pampu za maji wanazo huko, sufuria tubebe, na mwiko wa ugali je, na Mugambi alikuwa anauliza kwa makini sana, kama mtu anayeenda kweli, kumbe wiki hiyohiyo alikuwa anapanga na ami zake wa Ruiri wachukue laki tatu wampelekee baba, Nyamu wa Kibugu, kwa sababu mama amemwaga yote kwa simu bila kujua anamwaga nini, wazee wa Ruiri walikuwa na wasiwasi, walisema bibi anayeenda majuu kabla hajalipiwa akifika kule anaolewa na mwingine, na wewe utadai nini, utashika nini, kile cheti chenu cha ndoa cha serikali si ni karatasi tu, lipa umalize, umfunge kabla ndege haijaruka... umfunge, kama mbuzi, na baba akazipokea, baba ambaye tangu siku hiyo amempigia simu mara tatu, mara ya kwanza bei ya majani chai, mara ya pili goti lake, mara ya tatu bei ya majani chai tena.

Na pesa zilikuwa za nani, hebu waulizwe wote wawili, zilikuwa za nani, Mugambi analisha nyumba na pesa za kutengeneza pampu, hilo hamnyimi, lakini zile za benki ni usiku wa Nelius, ni ile kliniki ya kibinafsi alikokuwa akiingia jioni baada ya kutoka wodini, miaka miwili, miguu ikivimba mpaka viatu vinakataa, ni wazee wa watu aliowageuza kitandani, ni akina mama aliowazalisha na asubuhi wakamsahau jina, shilingi kwa shilingi, sasa zimepita mkono wa Mugambi zikaingia mkono wa baba na katikati kukawa na asali, kwa hivyo amejilipia mahari, yeye Nelius binti Nyamu amejinunua mwenyewe kwa babake na kujikabidhi kwa mumewe, na risiti hakupewa, hata kuonjeshwa hiyo asali hakuonjeshwa, na anataka kucheka, "Sista, ama tuanze na upande wa pasipoti kwanza?" anasema Elphas, kijana mpole, anadhani amechoka, "Ngoja kidogo," anamwambia, ngoja kidogo Elphas, nina watu wawili wa kuwachinja kichwani na sijamaliza hata mmoja.

Kosa lilikuwa lake pia, hilo ndilo linalouma, siku wanafungua akaunti ya watu wawili yule mama wa benki aliuliza mkitaka kutoa mnaweka sahihi wote, ama yeyote, na Nelius akajibu upesi hata kabla Mugambi hajafungua mdomo, yeyote, sisi tunaaminiana, alisema hivyo, tunaaminiana, akajisikia mwanamke wa kisasa, na yule mama akamwangalia sekunde moja zaidi halafu akaandika... yeyote, sawa basi, sasa yeyote ni mimi, leo yeyote ni mimi, anaweza kushuka hizi ngazi aende Kibugu, afike kabla ya saa nane, afungue zizi amtoe yule ng'ombe mweusi na mweupe mbele ya baba, hata asiseme neno, amkokote mpaka sokoni, auze, na kilichobaki baba atoe mfukoni, pesa irudi benki kesho asubuhi, siku ishirini na nane zianze upya, na ameshahesabu kwa vidole chini ya mkoba, zinatosha, zinaisha siku mbili kabla muda wa ile barua ya kazi ya hospitali ya huko kwisha, wangeenda wote wawili, ingewezekana, ila kwa wazee mahari ikirudi ndoa imekufa, Kibugu hivyo, Ruiri hivyo, hakuna mahali kwenye huu mlima wanafanya tofauti, akimtoa ng'ombe zizini ametoka kwa Mugambi, Wameru watasema mwanamke amejikomboa mwenyewe, watakuja kudai kondoo, watadai hata mtungi wa asali, na akimwacha ng'ombe pale ale nyasi basi yeye ni bibi wa Mugambi kabisa kabisa, aliyelipiwa, hakuna mzee atakayefungua mdomo tena, na Mugambi hana pesa ya kichwa chake... aki ya Mungu, hawa wanaume, siku ya mahari wamekaa chini ya hema na biblia na soda wakajifungia mlango kwa nje.

Maana laki tatu na nusu zilizobaki zimelala, zimelala siku zote bila kusumbuliwa, leo ni siku ya thelathini, zinamtosha mtu mmoja na nauli yake na kodi ya chumba, Elphas amesema mwenyewe asubuhi, bila ubaya, sista wewe peke yako uko sawa hata leo, mume anaweza kuomba baadaye ukishakaa, utamwandikia barua na kuambatisha karatasi za mshahara wako, wengi wanafanya hivyo, na wakati huo Nelius alikasirika naye, akamwambia sisi tunaenda pamoja, sasa anairudia ile sentensi polepole kama mtu anayelamba kijiko, utamwandikia barua, yaani Mugambi akae Ruiri na bibi yake aliyelipiwa mpaka senti ya mwisho, asubuhi aende kwa pampu, jioni ami zake wamwulize amekuita, aseme bado, mwezi upite, amekuita, bado, na barua ihitaji sahihi moja tu duniani, ya Nelius, na hiyo sahihi iko zamu, iko usingizini, iko busy, itaangalia... atamwambia lini, si leo, leo angejitetea, angeleta ami zake na simu zao, atamwambia siku ya kuagwa, kule kwa baba, pasta akishaombea safari ya watoto hawa wawili na watu wakishasema amina, atasimama aseme asante kwa asali, aseme zile laki tatu zilikuwa za tikiti ya Mugambi na za kumweka huko, nazo ziko pale zizini zinakula nyasi, mnaweza kumkamua, na atamwangalia baba akitafuta pa kuweka macho.

Halafu, bila kuitwa, ile beseni ikamjia kichwani, beseni ya bluu, asubuhi za kutoka kliniki Mugambi anamngoja mlangoni na maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anapiga magoti, anamvua viatu, anasugua kisigino kwa kidole gumba huku ameshika kile kitabu cha mtihani wa Kiingereza kwa mkono mwingine, anamwuliza maswali kwa lafudhi yake ya Kimeru mpaka anashindwa kujibu kwa kicheko, na kitu kinalegea kifuani mwake na anakichukia kwa kulegea, anampenda, Mungu wangu anampenda huyu mjinga, aliogopa tu kuachwa, mtu akiogopa kuachwa angesema, si angesema, Neli naogopa, angemwambia hapo kwa beseni, angemwambia yeye kabla ya kuwaambia ami zake, basi hivi, anaamua hivi, na anajua ni mara ya mwisho anakuwa mpole, ameshasikia viatu vya Mugambi vikirudi kwa ngazi, akiingia akasema ukweli, hata nusu, hata akisema Neli kuna kitu sijakwambia, nitamtoa ng'ombe mwenyewe na wazee wavunje ndoa wanayotaka, nitaenda naye nikiwa nimeachika kwa Kibugu na Ruiri yote.

Mugambi anaingia na njugu kwa gazeti, ananukia jua, anamsalimia Elphas, anaona ile karatasi ya benki mapajani mwa Nelius, macho yake yanakaa kwenye ule mstari kidogo tu, kidogo sana, halafu yanatoka.

"Nimeongea na wao saa hii kwa simu," anasema. "Wale wa benki. Wamesema wanaifuatilia, hiyo ni sistimu yao."

"Wamesema hivyo?"

"Meneja mwenyewe. Wewe usijali, Neli."

Na hakuna kinachovunjika, alidhani atasikia kitu kikivunjika, kumbe ni kutulia tu, kama wodi mgonjwa akishapata usingizi, anaondoa mkoba kwenye kiti ili Mugambi apate pa kukaa, na anakaa, goti lake linagusa lake, anamwekea njugu mkononi, zile zilizokaushwa sana kwa sababu anajua ndizo anazopenda, anajua, miaka sita anajua, na Nelius anakula moja, anakula ya pili, huko Ruiri itabidi mtu amwambie asisahau kula akiwa kwa pampu, hilo litakuwa jambo la bibi kulifikiria, na yeye ni bibi yake, amelipiwa, atalifikiria kutoka mbali.

"Mmefika wapi?" Mugambi anauliza, akiinama kuona kompyuta.

"Tumefika kwa jina lako," anasema Nelius, na anamgeukia Elphas, ambaye kidole chake bado kiko palepale.