Kopo la Bazilio

Hapana, si dhahabu. Nani kakudanganya dhahabu? Rupia, rupia za Mjerumani, za fedha tupu, zile alizolipwa babu yake Bazilio kwa kubeba mizigo ya wazungu mpaka Tabora. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa ardhini hapo hapo nyumbani, Murungu. Juu yake alilala Winifrida, mke wa Bazilio, miaka thelathini na nne chini ya nyasi zinazovuja, akiambiwa kila mwaka kwamba hela ya bati haipo.

Bazilio naye akafa, mwaka elfu mbili na tisa, wiki ile ile ya kuvuna maharage, kusudi asivune. Wakamzika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Winifrida akaendelea kupanga masufuria kila mvua ikinyesha, moja mlangoni, moja katikati, na moja juu ya kitanda, analala nalo kama mume, tena hili lilikuwa halikoromi.

Siri aliitoa Stanislaus, mdogo wa marehemu, miaka minne baadaye. Alikuwa amekunywa pombe ya ndizi harusini, akasema kaka yake aliwahi kumwonyesha kopo, mara moja tu, akalifukia tena. Wapi, hakumbuki. Winifrida hakupiga kelele. Alimaliza kucheza ngoma, akarudi kulala, na asubuhi akaenda Kibondo mjini kwa Abbasi muuza bati. Abbasi alikuwa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini, aliyoikodi kwa wachimbaji wa Kahama. Wakakubaliana vizuri: rupia zote za Abbasi, na Winifrida apewe bati ishirini na misumari yake. Ilikuwa mwisho wa Septemba, na mawingu yalishaanza kujikusanya.

Abbasi akaja na pikipiki. Mashine yenyewe ilikuwa kama fagio lililofungwa sahani. Stanislaus naye akaja, kwa niaba ya ukoo, maana ukoo huwa unasikia harufu ya chuma kuliko mashine.

Ikalia mlangoni. Wakachimba, msumari. Ikalia kwenye migomba, miguuni pa kaburi, ng'iii, safi kabisa, mpaka kuku wakanyamaza. Jembe liliposhuka, mlio ulikuwa umesogea hatua moja. Wakaufuata. Ukasogea tena. Kopo lilipita chini ya muhogo, likazunguka choo, likapumzika kidogo chini ya jiwe la kusagia, likarudi lilikotoka.

"Mashine yako mbovu," Stanislaus akamwambia Abbasi.

"Nzima hii. Kuna mtu analihamisha."

Winifrida alisema ndiyo, ni yeye huyo. Hata alipokuwa hai, ukimtajia bati alikuwa anahama kiti.

Jua lilipopanda, uwanja wote ulikuwa matuta, ungeweza kupanda viazi. Abbasi akavua kofia, akajifuta jasho, akauliza kwa heshima marehemu alikuwa anapenda nini.

"Migebuka," Winifrida akasema.

Basi akawasha moto. Akasonga ugali wa muhogo, akaunga migebuka mikavu ya ziwani kwa mawese mpaka harufu ikashuka ardhini. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Bazilio akitoka kula, lazima aliweke kopo chini, na hapo hapo Abbasi alinyakue.

Bazilio akatoka kwenye migomba na ile suti waliyomzika nayo, anajipangusa udongo mabegani, kopo kwapani. Alikuwa amekonda, lakini si sana. Akaliweka kopo chini.

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lenyewe ni la Waha. Mkubwa akifika anasalimiwa kwa makofi, taratibu, umeinama, na si unapiga mawili ukaondoka. Mwakeye, mwakeye neza, habari za watoto, za shamba, za mvua, za waliokufa, na hizo za waliokufa Bazilio alizijibu kwa kirefu maana alikuwa nazo zote. Winifrida alipiga magoti, anapiga makofi, macho kwenye kopo. Stanislaus anapiga. Abbasi, ambaye baba yake alitoka Pangani lakini yeye kazaliwa Kibondo hapo hapo, alikuwa anapiga kuliko wote. Mikono sita, hakuna hata mmoja wenye nafasi. Salamu zilipokwisha, Bazilio alikuwa ameshakalia kopo lake.

Stanislaus akakohoa kidogo, kwa niaba ya ukoo.

"Shemeji, mwenye mali kafika mwenyewe. Sasa mirathi ya nini?"

Abbasi alisema ni kweli, hata dini haikatazi mtu kukalia chake. Akaiegemeza mashine ukutani, akasahau kuizima.

Winifrida akamgeukia mumewe.

"Baba Esteri, na bati?"

Bazilio akaangalia paa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa paa kwa mara ya kwanza.

"Hela haipo, mama Esteri," akasema, akajiweka sawa.

Ng'iii, ikasema mashine. Hakuna aliyeigeukia. Ilikuwa chombo cha kukodi tu.

Mvua ikaanza. Wakahamia ndani na chakula, Bazilio mbele na kopo lake, moja kwa moja mpaka ile pembe isiyovuja. Alikuwa bado anaikumbuka. Winifrida akamnawisha mikono, akamnawisha shemeji yake, akamnawisha mgeni. Akapanga masufuria, la mlangoni, la katikati, la kitandani. La nne lilikuwa na migebuka, na tundu la nne lilikuwepo, jipya la mwaka huo. Mahali pakavu palikuwa patatu, na wanaume walikuwa watatu. Basi Winifrida akakaa chini ya hilo tundu, akafunika sahani yake kwa kiganja, na mwishowe wote wakala.