Dubuque au La Crosse

...na tena Janelle anasema theluji ya Dubuque huwahi kuyeyuka, wiki mbili nzima kabla ya kule kwao La Crosse, kana kwamba Ardis ni mbegu inayotafutiwa udongo, naye Ardis amewapa mgongo, amesimama penye kaunta ya jikoni, kisu mkononi, keki ya tufaha imebaki kipande kimoja kwenye trei, upana wa vidole vitatu, na itabidi akikate katikati, maana hivyo ndivyo inavyofanywa, hakuna mtu aliyewahi kula kipande cha mwisho ndani ya nyumba hii tangu yeye na mumewe Verlyn waingie mwaka sabini na nne, mtu hukata nusu akaacha nusu, anayemfuata hukata nusu ya ile nusu, mpaka kinabaki kitu cha kumshibisha siafu, na hicho nacho hufunikwa kwa foili kama maiti, kikalala, asubuhi kikatupwa, na kila mtu akaingia kitandani na njaa yake ndogo na heshima yake kubwa... "Na madaktari je," anasema Darrin, "La Crosse wana hospitali mbili kubwa, Mama, mbili, sisi Dubuque ukiumwa kitu cha maana wanakupakia kwenye gari wanakupeleka mbali," mwanangu mwungwana, aliwaza Ardis, wote wawili waungwana, hebu wasikilize, kila mmoja anausifu mji wa mwenzake, hawagombanii, hawavutani shati kama watoto wa jirani zetu akina Tollefson walivyovutana mbele ya jeneza la baba yao, tuliwalea vizuri, Verlyn, laiti ungekuwepo ukasikia, dada mtu anamwachia kaka yake, kaka mtu anamwachia dada yake, na katikati yao kahawa inapoa na mimi nimeshika kisu.

Nyumba imeshauzwa, hilo halina mjadala tena, tarehe mosi Aprili wanaingia wale vijana wawili wenye mbwa, leo ni tarehe kumi na tano Machi na nje theluji imekuwa nyeusi kando ya barabara, imebaki mafungumafungu kama nguo chafu, ngazi za chini zilimwangusha Novemba, akalala sakafuni kuanzia saa nne asubuhi mpaka mwanamke wa posta alipochungulia dirishani, na tangu siku ile neno limekuwa moja tu, Mama hawezi kukaa peke yake, Mama aende wapi, Dubuque au La Crosse, chini ya mto au juu ya mto, kwa Darrin au kwa Janelle... "Mama, umeamua?" Janelle alipaza sauti, sauti ile wanayomsemesha nayo siku hizi, ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya shamba, naye akajibu bila kugeuka, "Popote tu, wanangu, msijisumbue kwa ajili yangu, popote patakapokuwa rahisi kwenu," mara ya nne hiyo tangu mchana, na akasikia jinsi ilivyotoka laini, imezoea njia, miaka sabini na tisa inapita palepale. Akasikia, ndiyo. Hawajui kwamba anasikia. Januari yule binti wa kliniki alimtia vifaa vipya vya kusikia, vidogo kama punje za maharage, vimejificha chini ya nywele, na yeye hakuwaambia watoto, si kwa hila, Mungu shahidi, alingoja waulize, na hawakuuliza, basi akaona ataonekana anajitangaza.

Popote tu... uongo. Anapataka Dubuque. Anapataka kama mtoto anavyotaka pipi, anaona haya hata kukiwaza, chumba kile cha chini nyumbani kwa Darrin, hakina ngazi, kina dirisha linaloutazama mto na majahazi ya chuma yanayobeba mahindi, na upande wa juu kile kigari kinachopandishwa kwa kamba kwenye jabali, yeye na Verlyn walikipanda wiki ya harusi yao, Juni sitini na nane, Verlyn alivaa viatu vya kuazima vikamtoa malengelenge, kigari kikasimama katikati kwa dakika kumi, wakaning'inia pale juu ya mapaa ya watu, na Verlyn, mtu asiyesema, akasema, "Tungekaa huku, Ardis," akacheka, akaona haya, na Jumatatu walikuwa wanakamua ng'ombe wa baba yake. Hajamwambia mtu jambo hilo. Hata pale Simone alipomwomba... Simone, mke wa Darrin, mtu wa New Jersey, kule wanakozungumza huku wakirusha mikono, miaka miwili iliyopita, Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga yuko mezani amebaki mifupa, Simone akafuta vidole akasema, hivyohivyo tu, bila utangulizi, "Mama Ardis, kwa nini usije ukakaa na sisi? Chumba kipo, kimekaa bure," na moyo wake ukaruka, akadhani wote wameuona ukiruka chini ya sweta, akasema, "Aa, hapana, hapana mwanangu, nitawabana bure," kama ilivyompasa kusema, mtu hakubali mara ya kwanza, mara ya kwanza unakataa, mara ya pili unasema labda, mara ya tatu unashindwa nguvu, unasema basi kama kweli siwasumbui, hata kikombe cha kahawa kinapita njia hiyo, sembuse chumba. Simone akasema, "Haya, sawa," akasogeza bakuli la viazi. Sawa! Ardis alibaki na uma hewani akingoja mara ya pili. Aliingoja akiosha vyombo, aliingoja garini, aliingoja Krismasi, Pasaka, akaingoja miaka miwili, na hakumlaumu, ataanzaje kumlaumu, kwao mtu akisema hapana ni hapana, maskini hakujua...

"Wewe una chumba cha chini, Darrin." Hiyo ni Janelle, lakini si ile sauti ya ng'ombe, ni nyingine, ya chini, ya kando ya mdomo, na Ardis akatulia, kisu kimegusa sukari ya juu ya keki. "Na wewe una vyumba vitatu," alisema Darrin, "watoto wameshaondoka, mnavijaza mashine za mazoezi." "Nafanya kazi zamu, nani atamwangalia? Mimi nimemfanyia ya kutosha, nani aliyekuja Novemba?" "Sikusema hukuja." "Basi." Kijiko kiligonga kikombe. "Simone alishamwomba, Janelle. Alikataa. Sote tulikuwepo." "Alikataa mara moja! Umezaliwa wapi wewe? Mara moja ndiyo kukataa? Unamjua Mama." Friji likanguruma likaacha, Darrin akasema polepole, "Namjua. Simone ndiye hakujua." "Na hukumwambia." "Sikumwambia." Janelle akacheka, si kicheko kibaya, ndilo lililoumiza, kicheko cha mtu aliyemkuta mwenzake kwenye kosa ambalo naye angelifanya. "We Darrin," alisema, "mjanja wewe," na Darrin akasema, "Shh," kisha kwa ile sauti ya ng'ombe, "Mama, nakwambia, ile njia ya kutembelea kando ya mto pale La Crosse, utaipenda!"

Hasikii vibaya. Angependa kusikia vibaya. Kijana wake, aliyezaliwa kwenye kitanda cha chumba kile pale theluji ilipofunga barabara, aliyefundishwa kukataa biskuti mara mbili kabla hajajua kuhesabu, alikaa pale mezani siku ya Shukrani na anajua, anajua kabisa mama yake ananing'inia wapi, na angeweza kusema neno moja, Mama njoo bwana acha hizo, maneno matano basi, akachukua mkate akaupaka siagi... na hao waungwana wangu, kila mmoja anausifu mji wa mwenzake, na mimi nimesimama hapa kama zuzu nimejaa fahari, nawapa watoto wangu nishani ya adabu, kumbe wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kumbe mimi ndio mpira wanaotupiana, huyu theluji, yule hospitali, akufukuzaye hakwambii toka, Ardis, anakwambia kuna njia nzuri ya kutembelea kando ya mto. Na hicho kipande cha keki. Siku zote alidhani kinaachwa kwa heshima, kila mtu akimfikiria mwenzake, na labda nusu ya siku zile kilikuwa kimekauka tu na hakuna aliyekitaka.

Lakini wimbo huu anaujua. Si hasira aliyokuwa nayo, hasira ingemfaa, ni kuujua, ubeti kwa ubeti, kwa sababu aliwahi kuuimba yeye, jikoni humuhumu, mwaka themanini na tatu, mama yake Verlyn, Hulda, alikaa kiti kile anachokalia Darrin sasa, mikono juu ya mapaja, kofia tayari kichwani kama mtu aliyeko stesheni, macho yamezibwa na ukungu, na swali lilikuwa moja, abaki hapa shambani kwao, alipozalia, au aende Mason City kwa Bernice, binti yake, ghorofani, asikomjua mtu, na Ardis, mwenye umri wa miaka thelathini na saba, mwenye watoto wawili na nepi na ng'ombe arobaini, aliusifu Mason City mpaka ukang'aa, Mama, daktari yuko barabara ya pili, Mama, kanisa lao halina ngazi, hapa tope tupu, Mama, hapa utatuchoka na kelele za watoto, hakusema nenda, hakusema hata mara moja, Verlyn alikuwa anatazama buti zake, na Hulda akageuza uso ule wa ukungu kumtafuta aliyekuwa akisema, akasema, "Popote tu, Ardis. Popote patakapokuwa rahisi kwenu." Na yeye akashusha pumzi. Anaikumbuka ile pumzi, ilimtoka mpaka chini ya tumbo, tamu kama kuvua sidiria baada ya kutwa nzima, na siku zote hizi akajiambia Hulda alikuwa karibu kiziwi, hakuisikia. Wiki kumi na moja baadaye Bernice akapiga simu. Maziko yalikuwa Alhamisi, mvua, kina mama wa kanisa walipika viazi vya jibini, na Ardis ndiye aliyeulizwa na kila mtu, alikuwa na furaha kule Mason City? naye akamjibu kila mtu, sana, alipachagua mwenyewe.

Alisikia. Bila shaka Hulda alisikia, kipofu yule, aliyejua hatua za kila mtu kwenye ngazi, alisikia pumzi ikishuka na akajua, akainuka, akasema asante kwa kahawa. Mkuki kwa nguruwe, Ardis. Na angetaka kubaki, si ndiyo, bila shaka alitaka kubaki, alikuwa anangoja aulizwe mara ya pili, mara ya tatu, amekaa na kofia yake akingoja, na neno lilikuwa mdomoni mwake mwenyewe, dogo, angelisema na lingekuwa aibu yao, siyo yake... "Mama?" Ni Janelle. "Mama, hebu njoo ukae, acha hiyo keki, hakuna anayekula. Tutajie tu mji. Mmoja. Huu au ule, hatutaki popote." "Usimharakishe," alisema Darrin, na Ardis akayasikia matumaini ndani ya sauti ya mwanawe, matumaini safi, ya mtoto anayeomba theluji ianguke ili shule ifungwe.

Kipande kilikuwa palepale, kisu kilikuwa palepale, nje lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani lilipita taratibu na vyombo vikatikisika kabatini kama vinavyotikisika kila siku. Mji wowote atakaoutaja sasa, aliwaza, mmoja wao atashusha pumzi, nami nitaisikia, na nikishaisikia sitaisahau, nitakwenda nayo mpaka kwenye hicho chumba, itakaa na mimi dirishani, nami ndiye niliyemkalisha nayo Hulda. Akaweka kisu chini. Akapandisha mikono kama mwanamke anayetengeneza nywele, akatoa punje ya sikio la kulia, akatoa na ya kushoto, akaziweka kando ya keki juu ya trei, na jiko lake lote likazama, friji, kijiko, watoto. Kisha akasema, akiitazama keki, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, neno ambalo hakuwahi kulitumia mbele ya kaunta hiyo kwa miaka hamsini, nataka, nataka Dubuque, na akabaki hivyohivyo, amewapa mgongo, ili asiwaone pia.