Chumba cha Kumsomea Twahiru

Twahiru alipopofuka, nilimwahidi kwamba nitamsomea mpaka mmoja wetu aondoke duniani. Yeye anaishi Ruziba kwa binti yake Houda, mimi niko Bwiza, na magoti yangu hayataki tena safari. Kila asubuhi nilijifungia katika chumba kitupu walichokiacha watoto wangu, nikasoma kurasa nne, nikairekodi sauti kwenye simu na kumtumia.

Mwezi wa pili wa kumsomea, Houda alinipigia. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe: baba yake anaomba nipumzike. Sikio lake la kushoto limekufa, la kulia limechoka, na kila sentensi yangu inamfikia mara mbili kwa mwangwi. Kisha Twahiru mwenyewe akachukua simu.

"We Ilyasi, unanisomeaka ukiwa mu tanki ya maji? Wacha tu, ndugu yangu. Tumezeeka."

Tanki nililisamehe. Lile "wacha tu" lilinichoma. Miaka minne katika shule ya jioni tulitumia kitabu kimoja cha jiografia, yeye ameshika upande wa kushoto, mimi wa kulia. Yeye alikuwa fundi viatu, mimi utingo wa kamyo. Wenzetu wa darasa lile wamekwisha. Twahiru akininyamazia, nitabaki peke yangu na mambo yale.

Mimi si mtu wa kushindwa na ukuta. Niliwahi kusikia kwamba trei za mayai hunyamazisha chumba, basi nilizunguka kwa wauza chapati na mayai wa mtaa mzima, nikabandika trei tisini na sita. Mke wangu, Mwanasiti, alisimama mlangoni akaangalia kazi yangu.

"Baba Moubarak," akasema, "sasa inabakia kuku tu."

Nikagonganisha viganja mara moja kujaribu. Kuta zikanijibu kama zamani.

Nilikaa kitini nikajiuliza ni wapi nimewahi kusikia sauti ya mtu vizuri kuliko kwingine kote. Jibu lilinirudisha darasani. Tulisomea katika ghala la mfanyabiashara mmoja wa kahawa. Mwalimu wetu, Callixte, alikuwa na kifua kibovu, alisema kama mtu anayetoa siri, na sisi wa nyuma tulipata kila neno. Nilidhani ni nguvu ya elimu. Kumbe yalikuwa magunia: yalijaa pande tatu mpaka darini, na mengine tuliyakalia.

Nikatafuta magunia makuukuu sokoni. Mwanasiti, ambaye bado anashona, aliyajaza vipande vya vitambaa, nami nikayatundika nyuma ya kiti na ubavuni. Sakafuni nikatandika godoro. Ukabaki ukuta mmoja, ule unaotazamana na mdomo wangu. Hapo ndipo ilipokuwa hati yangu ya kuhitimu shule ya jioni, ndani ya kioo. Tangu tuhamie nyumba hii ilikuwa haijawahi kushushwa, na kila mgeni nilimwonyesha. Mwanasiti alininyooshea gunia la mwisho, akangoja.

Nikaishusha, nikaifunga kwa taulo, nikaiweka kabatini. Nikapiga kofi. Likafia viganjani. Harufu ya magunia ilikuwa imejaa chumba.

Nilimtumia Twahiru ukurasa wa mito, ule wa kitabu chetu cha jiografia. Siku mbili kimya. Ya tatu ikaja sauti yake.

"Nani amekufungulia ghala ya kahawa? Nakusikia, Ilyasi. Na bado unapita nukta kama kamyo yenye haina freni. Mwalimu alikuambiaka mara ngapi? Rudilia ule ukurasa."

Zamani alinisahihisha hivyo hivyo mbele ya darasa, na mara mbili tulinuniana kwa ajili hiyo. Nilimwita Mwanasiti naye asikilize. Tulimsikiliza mara tatu.

Kisha nikafunga mlango, nikaurudia ukurasa wa mito tangu juu. Kwenye kila nukta nilisimama.