Beseni Langoni kwa Annonciata

Kesho yake Emery angepelekwa Mbarara kushtakiwa kwa kumuua mama yake, na hadi sasa hakuwa ametamka neno lolote la kujitetea.

Nasimah, mwanasaikolojia kutoka Mbarara, alikuwa amejaribu kila njia aliyosomea. Kijana alimtazama tu, kama mtu anayetazama mvua. Polisi walikwisha kumwita Nasimah katika mauaji mengine, huko Ruti na Isingiro, wakaona anafaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kuzoea. Kila mara aliificha mikono chini ya mtandio.

"Musawo," Afande Sulait alimwambia, akimwita daktari kwa lugha ya kwao, "hii kijana iko na makosa. Mutu safi anaweza kunyamaza namuna hii? Wewe andika akili yake iko sawa, mimi nabeba yeye kesho."

"Mwache kwanza amzike mama yake, Afande."

"Huruma itakumaliza, musawo!" Lakini alikubali, kwa sharti kwamba pingu zisitoke.

Annonciata, mama yake Emery, mjane kutoka Kivu Kusini, alikutwa amenyongwa nyumbani kwake katika kambi ya Nakivale, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Emery. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kwenda Amerika, pamoja na watoto wake wawili. Binti yake, Orpa, hakuonekana tangu siku ile. Hata kitenge cha bluu cha kanisani, ambacho wanawake walikitafuta wamvike marehemu, hakikuonekana.

Aliyehangaika kumtafuta Orpa kuliko wote alikuwa Appolinaire, mzee wa kanisa, aliyemfundisha msichana huyo kuimba kwaya. Ni yeye pia aliyemsindikiza Nasimah nyumba kwa nyumba, akimshikia mwavuli kwenye jua. Asubuhi ya maziko alimpa mkono.

"Mama Muganga, leo sitafika ku maziko. Banasema Orpa alionekana Bwizibwera, fasi banauzisha maziwa. Acha nimufuate."

"Mungu akutangulie, Baba," alisema Nasimah, machozi yakimlengalenga.

Majirani wote wakaenda makaburini. Emery alimwaga udongo kwa mikono iliyofungwa.

Waliporudi, jirani yao Mukamurenzi alisimama langoni na jagi, beseni miguuni. Kila aliyetoka kuzika alikunja mikono ya nguo, akanawa mpaka kwenye viwiko, ndipo akaingia. Emery alinaweshwa pingu zikigongana. Nasimah naye akanawa. Sulait, aliyekuwa amebaki kwenye gari muda wote, akanyoosha mikono yake yenye vumbi. Mukamurenzi akaipiga kofi.

"Hapana, Afande! Wewe ulibakia mu motokari. Hii maji ni ya benye balizika. Mwenye hakuzika akiigusa, anaita kifo ku nyumba yake. Kwenda kule unywe fanta!"

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba uingie. Sulait akaondoka akijifuta kwenye suruali.

Walikuwa wamekwisha kukaa Appolinaire alipotokea njiani, amechoka, shati lake safi likiwa limemshika mgongoni. Wanawake waliinuka.

"Ulimuona?"

"Bwizibwera yote nimeizunguka," alisema akitikisa kichwa. "Sikumuona. Tuombe tu."

Huku akisema alikuwa akikunja mikono ya shati. Aliinama juu ya beseni, akakinga viganja. Mukamurenzi, kwa mazoea, akammiminia. Appolinaire alinawa taratibu, mkono wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka kwenye viwiko.

Jagi likasimama hewani.

Nasimah alijua kwamba mtu anayedanganya huyapanga maneno yake vizuri sana, lakini mara nyingi husahau kuipanga mikono. Hakutaka kuwa na hakika. Mkono ule ndio uliomshikia mwavuli.

"Baba Appolinaire," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo kama ya mtoto, "umetoka kumzika nani?"

Appolinaire alicheka. "Ah, Mama Muganga! Ni uchovu tu. Nilisahau."

"Ulisahau?" Mukamurenzi alirudi nyuma. "Ni wewe unatufundishaka hii desturi! Juzi, ku maziko ingine, ulimufukuza mutoto wangu ku hii beseni!"

Kisha sauti ikatoka kwenye mkeka, imekauka, sauti ambayo Nasimah hakuwa ameisikia bado.

"Ulimufunika na nini?"

Ilikuwa ya Emery. Hakupaza. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za ndugu aliye safarini.

Na Appolinaire, mikono ingali ikichuruzika maji, akajibu kabla ya kujua kwamba anajibu.

"Na kitenge ya mama yenu."

Mukamurenzi akaangusha jagi. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Appolinaire alikalia udongo pale pale langoni.

"Nilimuomba Annonciata aseme mimi ni bwana yake, twende Amerika bote. Akakataa," alimwambia Nasimah, kama vile yeye pekee angeelewa. "Orpa aliniona. Nilimuficha mu majani. Lakini leo mama anazikwa, mutoto anabakia inje? Nilimuzika muzuri, Mama Muganga. Nilimuombea."

Sulait alihangaika na ufunguo, akamtoa Emery pingu, akamfunga nazo Appolinaire. Kiganja cha kulia, alichompa mtu yule asubuhi, Nasimah alikuwa amekifunga ndani ya mtandio na kukibana kifuani.

Mukamurenzi aliinamia beseni ayamwage yale maji machafu. Emery akamzuia.

"Musiondoshe beseni, Mama," alisema. "Bado Orpa. Tutarudia tena kunawa."