Nzembi Mkubwa na Nzembi Mdogo

Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la nyanya yake hata kama nyanya yuko hai, anakula na kutugombeza. Ndiyo maana kompyuta mpya ilipoletwa kiwandani mwetu mwaka wa 1997, kiwanda cha rangi pale Industrial Area, niliipa jina la ile kuukuu: Nzembi. Ile kuukuu niliiandika kwa N kubwa, kwa heshima. Mpya nikaiandika kwa n ndogo.

"Sasa hizi mbili si zitatuchanganya, Kathini?" Mulama, bosi wangu, aliuliza.

"N kubwa si n ndogo, bosi. Hata mtoto wa nasari anajua."

Mdomo wangu huu!

Nilikuwa natengeneza programu ya kupanga kompyuta zetu zote bila mtu kuzunguka na disketi. Niliigawa vipande: kimoja kinafuta mashine, kingine kinaweka mipangilio, kingine kinakagua. Kile cha kufuta kilikuwa kinauliza kwanza, "Una hakika?" Swali lenyewe lilinichosha. Jumatano asubuhi, nikitoka nyumbani Lucky Summer, niliamua liondoke. Nikaliondoa, nikajisifu kwamba nimeboresha kazi, kisha nikaamuru: futa nzembi, panga upya.

Baada ya dakika nne kompyuta mpya ilikuwa vilevile, haijaguswa. Nikageukia ile kuukuu. Ilikuwa tupu.

Majina ya faili hutofautisha herufi kubwa na ndogo, lakini majina ya mashine kwenye mtandao hayajui heshima hiyo: kwake Nzembi na nzembi ni jina moja, na ile kuukuu ndiyo iliyoitika. Nilitaka kumfuta mjukuu, nikamfuta nyanya.

"Kanda ya akiba, ile yenye nakala, iko wapi?" Mulama aliuliza.

"Ilikatika mwezi uliopita. Nilingoja mashine mpya ndiyo nihifadhi nakala."

Aliketi chini, sakafuni, na suruali yake ya kazini.

Ndani ya ile kuukuu mlikuwa na fomula mia mbili na nane za Mzee Kivuva, mchanganyaji rangi wetu. Mwaka mzima alinisomea kutoka daftari lake, nami nikachapa. Tulipomaliza nilimwambia alitupe, mashine haisahau. Ijumaa hiyo alikuwa anastaafu, arudi Kitui.

Mlango ukafunguka, akaingia yeye mwenyewe. "Kathini, nitolee fomula ya ile nyekundu ya mabati."

"Imefutika, mzee. Zote zimefutika. Ni mimi."

Alinikodolea macho. "Daftari niliwashia jiko. Si ulisema?"

"Nilisema." Niliona aibu hadi nikatamani anitukane.

Hakunitukana. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu. "Lete kalamu. Hizi nilizijua kabla hujazaliwa. Andika: nyekundu ya mabati."

Nikaandika.

"Oksaidi, kilo..." Akakunja kidole kimoja, akakikunjua. "Oksaidi, kilo..."

Mulama aliinua kichwa. Mimi nilishika kalamu, sithubutu kumtazama mzee usoni.

"Nyekundu ya mabati," alianza tena.