Nyumba ya Vioo Uani

Nyumba ya mtaa wa Sokomuhogo, Tabia aliirithi kwa bibi yake ikiwa nusu gofu. Boriti zimeliwa na mchwa, ngazi zinanesa, na mumewe Mjaka kila siku wimbo ni ule ule: iuzwe, watu wa hoteli wapo. Tabia hakuuza. Alimleta fundi Msabah na watu wake, wakabomoa kuta mbovu na kuzijenga upya kwa mawe na chokaa, kama zilivyokuwa. Huko uani, penye bustani, akasimamisha jengo la kisasa, chumba kimoja cha vioo vitupu, sakafu sawa na ardhi. Kilikuwa cha mama yake, Bi Amne, aliyepooza mguu na ngazi haziwezi tena. Mama akae kwao, aione bustani kutoka kitandani: Tabia hakutaka jengine duniani.

Lakini ulimi hauna mfupa. Siku Bi Amne alipohamia, Mjaka alipita akiamrisha mchanga uondolewe hapa, mawe yapelekwe kule. Msabah akamtania, "Bwana we, mwenye nyumba tushamsikiliza. Wewe hapa umeolewa tu." Mafundi wakacheka. Mwanamme huoa, kuolewa ni kwa wanawake, na neno lile lilimchoma Mjaka mpaka kwenye maini.

Haya, angekuwa mtu angemkabili Msabah. Wapi. Msabah ana kifua kipana. Akakamata nyundo kubwa ya kubomolea, akaenda kwenye vioo. Kioo cha kwanza kilimmwagikia Bi Amne kitandani, damu ikamtiririka usoni. Tabia akakimbilia kumkinga mama yake. Mjaka akampiga kofi, kisha ngumi, jino likatoka, kanga ikamwanguka. Akamkamata nywele akamburura juu ya vigae vya vioo. Mafundi waliposogea kuamua ugomvi, aliwapungia nyundo wakarudi nyuma.

Tabia hakumrudishia. Miaka yote hakumrudishia. Alilelewa kwamba mume hanyanyuliwi mkono, na mkono wake ulishazoea kutii, hata leo mama yake anavuja damu.

"Na hii nyodo yako ishe leo," Mjaka akasema akihema. "Nimekuacha. Talaka moja, mbili, tatu. Msabah, shuhudia."

"Nimesikia," Msabah akajibu taratibu.

Mjinga yule alidhani kashinda. Tabia akainuka, akaiokota kanga, akaikung'uta vioo, akajifunika kichwa mpaka unywele wa mwisho ukaingia ndani. Mafundi walidhani anaficha damu. Kumbe anajisitiri, maana mbele yake sasa yuko mwanamme asiyemhusu, kamvamia ndani mwake na kamuumizia mama yake. Kisha akauchukua mtaimbo ulioegemezwa ukutani.

"Tabia, mimi mumeo," Mjaka akasema.

Mtaimbo ukamkuta kwenye mkono wenye nyundo, mfupa ukalia. Pigo la pili likamkuta gotini. Alianguka juu ya vioo alivyovivunja mwenyewe, akatambaa kuelekea mlangoni akimlilia Msabah amsaidie. Msabah alimfungulia mlango tu.

"Mke wangu, nakuomba, nishike mkono," Mjaka akalia pale kizingitini.

"Siwezi kukushika," Tabia akasema, huku anatema damu. "Nimo edani."